Miguu ya Buyenzi

"Hii miguu toa. Utuachie ziwa tu."

Madame Léocadie alisema hivyo akitabasamu, ameishika picha yangu kwa ncha za vidole. Tulikuwa katika ukumbi wake wa maonyesho, Kinindo, mtaa wa matajiri, na kesho yake wageni wangekuja. Ziwa nilikuwa nimelichora kwa kujilazimisha. Picha nyingine zote zilikuwa miguu ya mafundi wa magari.

Miguu hiyo nilikua nayo. Utotoni, nilipompelekea baba yangu Massoudi chakula gereji, uso wake sikuuona. Niliona miguu ikichomoza chini ya gari, nami nikazungumza nayo. Kidole kikicheza, kazi inakwenda. Nyayo zikikakamaa, ninyamaze. Nilipoanza kuchora nililala chini, shavu karibu na vumbi, nikaanza kwa mkaa, kisha rangi niliyoichanganya na oili chafu mpaka weusi wake ukang'aa kama ngozi yenye jasho. Baba alisikitika.

"Houda, mutu ana uso. We unachoraka tu miguu?"

Na sasa Madame naye.

"Apana, madame." Nikaichukua picha mkononi mwake. "Yote inabaki, ao yote inatoka."

Ikatoka yote.

Asubuhi nilizitundika picha za miguu kwenye ukuta wa gereji, mtaani kwetu Buyenzi. Mafundi wakasogea wakijifuta mikono. Mmoja akapasuka kwa kicheko: "Wallahi, hii ni ya Yahaya! Muone kisigino!" Yahaya akaruka, akakimbia kumwita mkewe. Baada ya swala ya alasiri njia ilikuwa imeziba. Madereva walipiga honi, wakachoka, wakashuka kutazama. Wageni wa Kinindo, waliokuta kuta tupu na kusikia habari, nao walifika, na Madame nyuma yao, akinyoosha shingo.

Baba akajiburuta kutoka chini ya Corolla. Hakuonyeshwa, alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya miguu yake, akagusa nyayo zilizokakamaa.

"Hii siku nilikuwa mugonjwa," alisema polepole. "Sikuambia mutu."

"Nilijua, Baba."

Akanishika bega kwa mkono wake wenye grisi, mbele ya watu wote, na hakuuondoa.

Ndipo Mama Adija, muuza sambusa wa ng'ambo ya barabara, akapenya katikati ya umati, akaketi juu ya tairi na kuvua kandambili zake.

"Na ya wanawake?"

Nikachuchumaa, mkaa mkononi.