Shuka la Mama Uwanjani

Pembe ndiyo iliyotangulia kutokea. Ilichomoza polepole kwenye karatasi iliyolala ndani ya beseni la dawa, chini ya taa nyekundu, nami nikashusha pumzi. Picha ipo. Kisha, juu ya pembe, ikajitokeza kamba ya kuanikia nguo.

"Shangazi, uwanjani kulikuwa na kamba ya nguo?"

Shangazi alikuwa mpiga picha wa mapigano ya fahali, mimi msafishaji wake wa picha, na mdomo wake haukuwa na breki. "Njaa hiyo, mwanangu. Nenda kale kwanza." Halafu akainama juu ya beseni, akanyamaza. Shangazi, kunyamaza! Hapo nikajua mambo yameharibika.

Alikuwa na mazoea yake. Akimaliza kupiga, huacha ulimi wa mkanda wa picha, kile kipande cha mwanzo, nje ya kikopo, asihangaike kuuvuta wakati wa kusafisha. Tatizo ni kwamba mkanda uliotoa ulimi hufanana na mpya. Kwa haraka ya siku ile akaurudisha kwenye kamera mkanda aliompigia mama yangu asubuhi, akianua nguo uani, na picha za fahali zikapandana na zake. Na hakukuwa na picha nyingine za pigano lile ambamo fahali alimwangusha kaka yangu aliyekuwa akicheza naye.

Mtaani hakukuwa na habari nyingine pia. Kaka alianguka, kitambaa chake chekundu kikamponyoka, fahali akaja kichwa chini. Mara akasimama ghafla, karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono, akageuka akaenda zake. Uwanja mzima ulishika vichwa. Kaka akatoka pale amevimba kichwa. "Aliniogopa yule," alisema mezani, akaapa kwamba Jumapili atampigia fahali magoti bila kitambaa. Mama alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Hakuwahi kukanyaga uwanja ule. Siku za mapigano alifua, na nguo chafu zikiisha alifua hata zilizo safi.

Picha ikakamilika. Vumbi la kwato limeganda hewani. Kaka yuko chini, amejikinga uso kwa kiganja. Na kati yake na fahali, mrefu kupita majukwaa, amesimama Mama, ameshika shuka jeupe kwa mikono miwili, na pua ya fahali imeligusa. Nilijua habari za dawa, za mwanga na za ulimi wa mkanda, na bado nilirudi nyuma hatua moja.

"Huyu si wifi yangu?" Shangazi alinong'ona. "Kaingiaje?"

Tuliipeleka nyumbani ikiwa mbichi, tukaiweka mbele ya Kaka. Alianza kucheka. "Shangazi naye, uzee huo!" Kicheko kikakatika. Aliitazama, kiganja kikampanda usoni bila yeye kujua.

Mama akaja akijifuta mikono, akachungulia begani kwake.

"Hapo ndipo fahali aliposimama?"

"Ndipo, Mama," Kaka alisema.

"Basi nilifika," alisema Mama, akarudi kwenye nguo zake.

Jumapili, kelele za uwanjani zikisikika mpaka kwetu, niliwakuta Mama na Kaka uani wakikunja shuka, kila mmoja na ncha zake. Kaka alimsogelea Mama kuunganisha ncha, ameinamisha kichwa.

"Inua kidogo," Mama alimwambia, "litashika vumbi."