Waya Mwembamba Ukutani mwa Kobe

Mama alistaafu ukunga akiwa na mgongo mzima, macho mazima, na hamu ya kujua kila jambo lisilomhusu. Wenzake waliostaafu mwaka ule walianza kufuga kuku. Yeye alinunua gari, na wala si la kwendea sokoni. Lilikuwa basi dogo la zamani ambalo mmiliki wake wa kwanza alikuwa ameling'oa viti vyote na kuligeuza nyumba: kitanda nyuma, sinki, jiko la gesi, friji ndogo, tangi la maji chini ya sakafu na bamba la kunasa jua juu ya paa. Mama alilibatiza Kobe, kwa kuwa lilitembea na nyumba yake mgongoni na halikuwa na haraka.

"Na likikuharibikia njiani?" binti yake alimuuliza.

"Nitaliuliza linaumwa wapi."

Binti alicheka, lakini mama hakuwa anatania. Maisha yake yote alikuwa amehudumia watu ambao hata hawajazaliwa, wasioweza kusema panapowauma, na alijua kuuliza kwa njia nyingine. Pampu ya maji ya Kobe ilipoanza kukohoa, alitoa kile kipembe cha mti ambacho wakunga hukiweka tumboni mwa mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto, akakiweka juu ya pampu, akafumba macho. "Inameza hewa," alisema peke yake. Akaufuata mpira wa maji kwa vidole mpaka akakuta mahali klipu ilipolegea, akaikaza kwa bisibisi, na kikohozi kikakoma.

Kilichomshinda ni betri. Kobe alikuwa na betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya matumizi ya nyumba. Hii ya nyumba ilishiba jua mchana kutwa, lakini kila asubuhi mama aliikuta hoi. Taa zilikuwa nyekundu kama makaa yanayozimika, friji kimya, maziwa yamechacha. Akanunua betri mpya. Mambo yakawa yale yale. Basi akageuza gari, akaenda kuliegesha uani kwa binti yake, akaomba aazimwe mume.

Huyo mkwe alikuwa na duka la vifaa vya ufundi, na mtaa mzima ulimwita Spana. Kuna watu wanaopenda mpira. Yeye alipenda vifaa. Kila kipya kilichoingia dukani alikibeba kwanza nyumbani, akakilaza mezani na kukitazama mpaka chakula kikapoa. Ila vingi hakuwahi kuvitumia. Na kulikuwa na tatizo jingine: alimwogopa mama mkwe wake. Tangu aoe, hakuwahi kukaa naye kochi moja. Sasa alitakiwa kuingia katika chumba ambacho watu wawili wakisimama, mmoja hana budi kubana pumzi.

"Hodi, mama," alisema mlangoni, ingawa mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa anamtazama.

"Karibu, mwanangu. Ingia na sanduku lako, ila uniachie hewa kidogo."

Spana akaingia kwa ubavu. Alifungua sanduku, na mama akasahau kabisa habari ya betri. Kulikuwa na mita ya umeme yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kulikuwa na nyingine yenye taya kama koleo. Kulikuwa na kidude kama bastola ya kuchezea, na waya mrefu mweusi wenye kijicho cha kamera nchani.

"Hiki?"

"Kipimajoto, mama. Ukikielekeza kwenye kitu kinakuambia joto lake bila kukigusa."

Mama akakielekeza kwenye birika, kisha kwenye dirisha, kisha kwenye paji la uso la mkwe wake. "Una joto kidogo. Unaniogopa?"

Spana akacheka kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo kazi ikaenda.

"Tuanze na historia ya mgonjwa," mama alisema. "Jioni nazima kila kitu. Taa, pampu, redio, hata friji nimejaribu kuizima. Asubuhi betri imekufa. Wewe unasemaje?"

"Nasema kuna kitu hakijazimwa."

Wakazima kila kitu, na bamba la jua wakalifunika. Spana akabinua godoro, betri ikaonekana. Akafungua taya za ile mita ya koleo, akaubana waya mnene mweusi, ule ambao umeme wote hurudi nao kwenye betri. Kama hakuna kinachokula umeme, alieleza, mita itasoma sifuri. Wakainama wote wawili, vichwa vikikaribia kugusana, na wala hakuna aliyeona aibu. Mita haikusoma sifuri.

"Mgonjwa amelala, lakini moyo unakwenda mbio," mama alisema.

Sanduku la fyuzi lilikuwa chini ya sinki. Kila fyuzi ilikuwa na kazi yake, hii ya taa, hii ya pampu, na kadhalika. Mpango ulikuwa rahisi: mama achomoe moja moja, Spana atazame mita, na namba ikishuka ghafla watakuwa wamemshika mwizi.

"Hii?"

"Bado, mama."

"Hii je?"

"Bado."

Akachomoa mpaka ya mwisho. Namba haikutikisika. Spana alikuna kichwa. Kwa mujibu wa karatasi zote zinazokuja na vifaa vyake, hapo ndipo jibu lilipaswa kuwa.

Mama alikaa sakafuni, akanyoosha miguu. "Kama mtoto hanyonyi chupa, basi maziwa anayapata wapi? Kwa mama mwenyewe. Huyu haombi ruhusa kwenye fyuzi. Ananyonya betri moja kwa moja."

Wakarudi kwenye betri na tochi. Nyaya nene wakazifahamu: ule wa kwenda kwenye fyuzi, ule wa kutoka juu kwenye bamba la jua. Lakini nyuma ya hizo kulikuwa na mwingine, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, umezungushiwa utepe mweusi ili ufanane na kivuli. Ulipanda ukutani na kupotelea kwenye tundu nyuma ya kabati la nguo.

"Huo sijauona hata siku moja," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa zawadi.

Akachukua kipimajoto, akakipitisha polepole juu ya mbao za ukuta ndani ya kabati. Mahali pote palikuwa sawa, isipokuwa kipande kimoja kisichozidi kiganja. Hapo palikuwa na joto. Spana akaunganisha ule waya wa kijicho na simu yake, akauingiza tunduni. Kwenye kioo cha simu wakaona sponji la manjano, vumbi, kiota kikavu cha nyigu. Kisha gizani kitu kikapepesa. Kijani. Giza. Kijani.

"Subhanallah!" mama alinong'ona. "Kiko hai."

Skrubu za ubao ule zilitoka bila shida. Ndani walikuta kijisanduku cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, kimevimba upande mmoja na cha moto kama mkate uliotoka kuokwa. Spana akakigeuza, akaona mahali pa laini ya simu, na uso wake ukabadilika.

"Mama, hiki ni kifuatiliaji. Kinamwambia mtu gari liko wapi. Kimeharibika, ndiyo maana kinakula umeme hivi, lakini bado kinatuma." Akasimama, akagonga kichwa kwenye kabati. "Kuna mtu anajua kila unapolala! Twende kituoni sasa hivi!"

Mama alizikumbuka sehemu zote alizolala peke yake akiwa amefungua dirisha, akanyoosha mkono akalifunga. Kisha akatafuta simu yake. "Kwanza nataka kujua ni nani."

Alimpigia aliyemuuzia gari, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Akaweka sauti ya nje.

"Hujambo, mzee? Ni mimi mkunga."

"Sijambo, mama. Umefika salama kwa bintiyo?"

Mama na Spana wakatazamana. Hakuwa amemwambia mtu yeyote nje ya nyumba ile kwamba anakuja.

"Nani amekuambia niko kwa binti yangu?" mama aliuliza taratibu.

Upande wa pili walisikia pumzi ndefu. "Umekipata," mzee alisema.

Akaeleza bila kuzunguka. Alikifunga mwenyewe zamani, kwa hofu ya wezi. Siku ya kuuza gari alikisahau, kweli kabisa. Alipokumbuka alisema atapiga simu kesho. Lakini kabla ya kesho alifungua simu yake, akaona kitone kinatembea. Na mtaa wa binti, mama mwenyewe alikuwa amemtajia siku ya kuuziana gari.

"Mguu wangu wa kulia umeacha kunisikiliza, mama. Nakaa kitini. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Ulipopita ile barabara ya ziwani, nikaijua kona kwa kona. Nikasema kesho nitamwambia. Kila siku nikasema hivyo."

"Ulikuwa unajua ninapolala."

"Nilikuwa najua."

"Mimi ni mwanamke peke yangu, mzee. Ulifikiria hilo?"

"Sikulifikiria mpaka sasa hivi uliponiuliza," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ukinipeleka kituoni ni haki yako."

"Sijasema sikupeleki. Sasa nakikata."

"Kikate, mama. Na ncha ya waya uifunge vizuri. Haina fyuzi, nilifanya uvivu. Inaweza kuwasha moto."

Spana akakata kwa koleo. Mwanga wa kijani ukazimika. Mita ikashuka mpaka sifuri, na yeye, pamoja na hasira zake, akashindwa kujizuia kutabasamu.

"Kitone kimetoweka," mzee alisema kwenye simu. Mama alikuwa ameshaweka kidole tayari kukata simu, aliposikia: "Samahani, sina haki ya kuuliza. Lakini kuna siku kitone kilitoka barabarani, kikasimama katikati ya shamba, kutwa nzima. Nilidhani umepata ajali. Kesho yake kikaendelea. Nimejiuliza mpaka leo. Ulikuwa unafanya nini pale?"

Mama aliangua kicheko. Hasira haikuwa imeisha, aliihisi bado kifuani, lakini swali lile alilijua. Ndilo ambalo yeye mwenyewe angeuliza.

"Nitakuja kukuonyesha," alisema. "Kwa simu hutaelewa."

Asubuhi betri ilikuwa imejaa pomoni na maziwa baridi. Binti aliposikia mama anakwenda kwa yule mzee, alidhani amechanganyikiwa. Spana alisisitiza kwamba haendi peke yake, akapanda mbele na sanduku lake miguuni, kama mlinzi.

Mzee aliwapokea akiwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa shati lililopigwa pasi. Aliomba radhi tena, safari hii akimtazama machoni. Mama alimwambia amemsikia, na kwamba akitaka kujua aliko siku zijazo, ampigie amuulize kama watu wengine. Kisha akavuta meza, akaomba mwiko mrefu, viberiti na vikombe.

"Hiki ni kilima. Hii ni barabara. Mwiko ni bawa la ile mitambo mikubwa ya upepo. Lilikuwa limebebwa na lori moja, refu sijapata kuona, limekwama kwenye kona. Niliingia shambani nipate kuona vizuri."

Mzee alisogeza kiti mpaka kifua kikagusa meza. "Kona kali kiasi gani?"

"Hivi."

"Haiwezekani. Kwa bawa la urefu huo? Waligeuzaje? Walirudi nyuma?"

"Ngoja kwanza. Usiguse kikombe hicho, hicho ni nyumba ya mtu."

Spana aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, alijikuta amevuta kiti. "Magurudumu ya nyuma," alisema, akiweka kiberiti chini ya mwiko, "yalikuwa yanakata kona yenyewe, au la?"