Robo ya Nashoni

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Bhoke alikuwa anapepeta mtama uani kwake Nyakunguru, mwanaye Nashoni aliporudi kutoka karashani, wanakosaga mawe ya dhahabu. Ilirudi miguu na mkono wa kushoto tu. Bhoke akaweka ungo chini, akaivua viatu.

Chanzo kilikuwa mota. Mota ya karasha iliungua kwenye zamu ya Nashoni, mwenye karasha akataka ailipe kwa mshahara. Karani Ashiraf akaleta karatasi nyumbani. Bhoke, aliyefika darasa la saba, ndiye aliyeisoma. Pa kuandika kiasi cha kukata kila mwezi palikuwa patupu.

"Weka dole, mura," akamwambia mwanaye. "Hawajajaza kitu, ni nafuu yetu."

Aliogopa kijana asije akafukuzwa kazi. Ofisini wakajaza wenyewe: robo tatu.

Tangu hapo robo tatu ya Nashoni hubaki ofisini, kwenye kabati la chuma. Asubuhi wanamuunganisha, anabeba mawe akiwa mzima, jioni wanakata. Mkewe, Rhobi, alishona shuka fupi. Mtoto wao akazoea kulala juu ya ule mkono.

Bhoke akapanda gari hadi Tarime kwa afisa wa kazi. Afisa akampa shikamoo, akafungua kitabu cha sheria. Hasara ya namna ile mwajiri asikate zaidi ya robo. Robo tatu ndiyo ya kurudi nyumbani.

"Wamegeuza, mama," afisa akasema. "Ila aje alalamike mwenyewe, kwa mdomo wake, saa za kazi."

"Mdomo wanao wao."

"Basi uombe ruhusa."

Mdomo uliomba. Karani akaandika utoro, deni likaongezwa.

Siku hizi jioni miguu mingi inarudi kwa njia ya Nyakunguru, na mbwa hawabweki. Wake wanaitambua kwa viatu. Jirani yake Wegesa alipoletewa karatasi ya mwanaye, Bhoke alikimbia akawaonyeshe ile nafasi tupu. Alikuta wino wa dole umeshakauka.

Juzi mtoto mdogo wa Wegesa alimtania mjukuu wa Bhoke kwamba baba yake ni mkono tu.

"Baba yupo," mjukuu akajibu, ameushika. "Sehemu nyingine ndizo ziko kazini."

Bhoke akaingia ndani, akaikunjua tena nakala ya ile karatasi. Pa kuandika siku deni litakapoisha ni patupu mpaka leo.