Sili ya Nne

Fundi Kaza alifika kwa dada yake saa tatu asubuhi, sanduku la spana begani na sili mpya, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, mfukoni. Hiyo ilikuwa sili ya nne ndani ya mwaka mmoja, na zote zilikuwa za mahali pamoja: silinda ya usukani, ile inayosukuma magurudumu ya mbele ya trekta yakate kona. Kila mara alibadilisha sili, akafuta mikono, akasema kazi imekwisha. Na kila mara, wiki mbili hazikupita kabla oili haijaanza kudondoka tena.

Trekta lenyewe waliachiwa na marehemu baba yao. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa lilikuwa na rangi ya tofali lililonyeshewa. Dada ndiye aliyeliendesha. Alilima shamba lake, akalima na ya majirani, na kazi hiyo ndiyo iliyosimamisha nyumba.

Shemeji yake, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameketi mlangoni akisahihisha mitihani.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja kutibu au kuaga maiti?"

"Kutibu."

"Basi tibu upesi. Yule wa vyuma chakavu anakuja saa kumi na lori lake. Trekta likidondosha hata tone moja, linapanda lori."

Kaza akamtazama dada yake. Dada alisimama kando ya trekta, mikono kiunoni.

"Nimekubali mwenyewe, mdogo wangu. Juzi oili iliisha, usukani ukawa mgumu katikati ya kona, nikang'oa uzio wa jirani. Je, angekuwa mtoto wa watu?"

Lakini Kaza alijua pia upande wa pili. Trekta likienda, dada atarudi kwenye jembe la mkono, na mgongo wake ule haukuwa tena mgongo wa jembe.

Akatandika gunia, akajisukuma chini ya trekta, akaishika silinda. Ilikuwa imelowa oili kama kawaida yake. Akatia spana.

Dada akachuchumaa. "Unafungua hapo hapo tena?"

"Si ndipo inapodondoka?"

"Inadondoka hapo, sikatai. Lakini nikilima mstari ulionyooka, pakavu kabisa. Nikifika mwisho wa shamba, nikakata kona mpaka usukani ugome, ndipo linatapika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia mara tatu. Ulikuwa unakaza."

Shemeji alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi.

Haya ilimshika Kaza, lakini hakuwa mtu wa kung'ang'ania kosa akishaliona. Akajitoa, akairudisha sili mfukoni.

"Nileteeni mafuta ya taa, maji ya sabuni na kibakuli cha unga."

"Unga?" shemeji akauliza. "Mgonjwa yuko mahututi, wewe unamtafutia poda?"

"Ndiyo. Na uwe mkavu."

Waliliosha trekta kuanzia kwenye rejeta mpaka kwenye ekseli ya mbele. Kaza alikausha kila bomba kwa kitambaa, kisha akaunyunyiza unga kidogo kidogo juu ya pampu, juu ya mabomba, mpaka kwenye silinda. Trekta likawa kama limelala kiwandani kwa wasaga nafaka. Dada akapanda, akawasha injini.

"Liache linyooke," Kaza alisema.

Unga ulibaki mweupe.

"Sasa kata kulia. Mpaka mwisho. Shikilia hapo hapo."

Injini ikaguna. Kaza aliinama, macho yake yakitoka bomba moja hadi jingine, na hakuangalia silinda hata mara moja. Juu kabisa, kwenye bolti inayofunga bomba kubwa kwenye pampu, unga ukaingia doa. Doa likawa mstari. Mstari ukashuka na bomba, ukafuata chesisi, ukafika kwenye silinda, na hapo tone la kwanza likaanguka.

"Zima."

Mwaka mzima alikuwa akimtibu mgonjwa mguu, naye anaumwa kichwa.

"Magurudumu yakinyooka, pampu haina kazi kubwa," alimweleza dada. "Ukikata mpaka mwisho, oili inabanwa kwa nguvu zote. Hapo inatafuta pa kutokea. Ulichosema ndicho."

"Najua ndicho," dada alisema. "Mimi ndiye ninayelipanda."

Bolti ile Kaza aliifahamu vizuri. Kila alipokuja aliikaza kidogo, basi tu, kwa usalama. Na hakuikaza kwa mkono mtupu. Alikuwa na kipande cha bomba la chuma alichorithi kwa baba. Ukikichomeka kwenye spana, spana inakuwa ndefu na nguvu zinakuwa mara mbili. Baba alimfundisha kukaza mpaka bolti ilie. Jina la Kaza lilitoka huko.

Akaifungua. Bolti ilishikwa na washa mbili za shaba, pete bapa za kuzibia, moja kila upande wa bomba. Zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ngumu, moja ina mfereji. Washa ya shaba inatakiwa iwe laini, ibonyee na kuziba. Hizi zilikuwa zimebonyezwa mpaka zikasahau kazi yao.

"Nani ameziharibu?" shemeji akauliza.

"Mimi."

Shemeji akasogea kuziona.

Duka la vipuri lilikuwa mbali, na saa saba ilikuwa imeshapita. Kaza hakubabaika. Alikwenda jikoni, akazilaza washa juu ya makaa, akapepea mpaka zikawa nyekundu, akazishika kwa koleo na kuzitumbukiza majini. Zilitoka laini. Kisha akaomba kioo, kitu kilichonyooka kweli. Dada akamletea kioo cha kunyolea cha mumewe. Kaza akatandika msasa juu yake, akazisugua washa polepole, kwa mduara, mpaka mfereji ukafutika.

"Hicho ni changu," shemeji alisema.

"Ndevu zitasubiri, mwalimu," mkewe akamjibu.

Akafunga. Alitumia spana fupi, kwa mkono mmoja. Bolti ikashika. Mkono wake ulitaka kuendelea. Ulikuwa umezoea hivyo miaka thelathini. Bomba la baba lilikuwa pale kwenye gunia. Kaza akaitoa spana, akaiweka sandukuni.

"Umemaliza?" dada akauliza. "Sijaisikia ikilia."

"Leo hailii. Tia oili, uzungushe usukani taratibu, hewa itoke."

Saa kumi lori likaingia uani. Mwenye lori, mtu mnene aliyeitwa Mizani, akashuka na minyororo yake. Shemeji alimwonyesha kwa mkono asubiri, akatandika karatasi nne za mtihani chini ya trekta, upande usioandikwa ukiwa juu.

Dada akakata kulia mpaka mwisho, akashikilia. Akakata kushoto, akashikilia. Mara ishirini, shemeji akihesabu kwa sauti. Usukani ulizunguka kwa vidole viwili.

Mwalimu akaziokota karatasi, akaziinua juani moja moja. Zilikuwa na chembe za unga tu.

"Hakuna tone," alisema, kama mtu aliyesahihisha karatasi ya mwanafunzi mtundu akakuta amepata zote.

"Kwa hiyo nimepoteza dizeli yangu?" Mizani akauliza.

Kaza akaliokota bomba la baba, akalitupa ndani ya lori. Likalia ngwa.

"Usiondoke mikono mitupu."

"Hilo la baba," dada alisema.

"Najua."

Dada akatia gia. Shamba la jirani lilikuwa limebaki nusu, na alitaka kupita na misumari ya kuurudisha ule uzio alioung'oa kabla jua halijazama.