Kuku wa Jukwaani

Mtunzi wa mchezo alichungulia kwenye upenyo wa pazia la pembeni, mchezo ukiendelea. Baba yake ameketi safu ya mbele kabisa, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Jamani, huyo huyo ambaye mchezo mzima unamsema! Mstaafu anayelala juu ya ubao, anayekunywa chai bila sukari, anayewahubiria majirani kutwa kwamba raha humharibu mtu.

Hawakuwa wamesemezana tangu binti alipoacha ualimu akafuata maigizo. Mwaliko alimpelekea kwa kujikaza tu, akijua hatakuja. Sasa mzee akiondoka hapa amechukia, basi tena, hana baba.

Ukumbi ulikuwa umefurika, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Fundi cherehani wa mtaani, aliyemwigiza mzee huyo, alisukuma sahani huku akifoka, "Niondoleeni uchafu huu!" Na kundi lao la maigizo halikubali chakula cha bandia. Kuku alikuwa kuku kweli, katoka jikoni sasa hivi, harufu imetapakaa hadi mlangoni.

Baba akasimama. Mtunzi akashika kamba ya pazia, tayari kulifunga.

"Unakosea, bwana," mzee alimwambia fundi, huku anapanda jukwaani kama aliyeitwa. "Anayejinyima hafoki. Anakitazama chakula, anashukuru, anageuka. Hebu nipishe nikuonyeshe."

Watu wakadhani ndivyo mchezo ulivyo, wakapiga vigelegele. Mzee akaketi. Akakitazama chakula. Akashukuru. Kugeuka ndiko kulikomshinda.

"Mama yake mtunzi alikuwa akinipikia hivi hivi," akasema, sauti imeshuka. "Alipofariki, nikaona nikifurahia chakula nitakuwa nimemsahau. Watu wakiniuliza, nawaambia ni msimamo." Akacheka kwa aibu. "Msimamo gani. Nilikuwa na majonzi tu."

Kisha mzee akanyakua paja la kuku akaling'ata, mafuta yakamchuruzika kidevuni, na watu wakaruka vitini kwa shangwe. Fundi cherehani naye akavuta kiti, akakamata bawa.

Mtunzi ndiye aliyepaswa kufunga pazia, lakini pazia gani tena! Alitoka mbio hadi mezani, machozi yanamtiririka mbele ya watu wote, asijue aanzie wapi kuomba radhi.

Baba hakumngoja aanze. Alimsogezea sahani.

"Kula, mwanangu," akasema, mdomo umejaa. "Umekonda mno."