Akiingia Frank

Siku mama yake alipokuwa anaoshwa Kivinje, Mwahija alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya mikutano huko Masoko, anafunga nyaya. Habari ilikuwa imemfikia asubuhi kwa simu. Alikwenda moja kwa moja kwa Frank, mkuu wa mradi wa mwani.

"Mkuu, naomba ruhusa. Mama amefariki."

Frank alimpa pole, pole ya mdomoni, kisha akatazama saa. "Wageni wanakuja kesho, Mwahija, na mitambo bado. Maliza kwanza, halafu utakwenda. Ukitoka sasa, usirudi."

Mkataba wake wa fundi wa kompyuta ulikuwa wa muda, na nyumbani walimtegemea yeye. Akamaliza. Alipofika Kivinje jeneza lilikwisha kutoka, na kitanda cha kamba alichooshewa mama kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kinachuruzika. Yeye ndiye binti wa pekee, na kumwagia maji yale ya mwisho lilikuwa jambo lake. Aliyelifanya ni Bi Kibibi, jirani yao, katibu muhtasi wa Frank, ambaye kwa bahati alikuwa likizo. Bi Kibibi alimshika mkono na kumwambia kwamba mama alikuwa na uso mzuri. Mwahija hakuweza hata kulia.

Na wageni wenyewe hawakuja. Waliahirisha.

Tangu siku hiyo aliitika "ndiyo, mkuu" kwa sauti laini kabisa. Alimchukia Frank kwa utulivu, kama mtu anayechochea moto wa maharage asiye na haraka ya kula. Kazi aliifanya vizuri kuliko zamani. Aliandika skripti, maagizo mafupi ambayo kompyuta huyasoma kila mtu anapoingia kwa jina lake: huyu ni mhasibu, mwekee mafaili ya malipo, huyu ni bwana shamba, mletee ramani za mwani na printa ya chini. Mtu aliketi, akaandika jina na neno lake la siri, akakuta kila kitu kimepangwa mahali pake. Ofisi nzima ilifurahi. Frank alifurahi zaidi, akaanza kuyaita maagizo hayo "mfumo wangu."

Wageni walipopanga tarehe mpya, Mwahija aliongeza mistari michache, ya kusomwa saa ya mkutano huo tu. Akiingia Frank, ficha mafaili yote. Akiingia Frank, skrini iwe nyeusi. Hakuna kitakachofutwa; kila kitu kitatoweka tu, mbele ya watu aliotaka kuwaringia, na yeye atabaki ametumbua macho. Baadaye watatafuta mchawi kwenye umeme, kwenye mitambo, popote. Aliisoma mistari ile tena na tena, na kila mara alisikia raha.

Siku ilipofika, wageni waliketi, maji ya chupa mbele yao, projekta imeelekezwa ukutani. Frank alisimama, amevaa suti, akazungumza juu ya mfumo wake mpaka jasho likamtoka. Mwahija alikuwa nyuma, karibu na mlango, anasubiri mkono wa Frank uguse kibodi.

"Kibibi," Frank akasema bila kugeuka, "hebu nifungulie mashine."

Frank hakuwahi kufungua kompyuta yake mwenyewe. Kila asubuhi Bi Kibibi ndiye aliyeingia kwa jina la mkuu, kama alivyomwekea chai na kumfungulia madirisha, na neno lile la siri ofisi nzima ililijua. Mwahija alikuwa amelizoea jambo hilo mpaka akalisahau. Na Frank alijulikana: likiharibika lolote, jumba bovu humwangukia aliye karibu. Bi Kibibi alikuwa anakaribia kustaafu.

Mama huyo alikwisha kuketi, miwani puani, mikono ile ile iliyomwosha mama wa Mwahija inatafuta herufi moja moja.

Mwahija angeweza kurudi mezani kwake akafute mistari yake. Hakutaka. Chuki ilikuwa pale pale.

"Bi Kibibi, niachie mimi," alisema, akamgusa bega.

"Mbona najua, mwanangu."

"Najua unajua. Inuka tu, mama yangu."

Bi Kibibi alimtazama usoni, akainuka. Mwahija aliketi, akaandika jina la Frank, akaandika neno la siri, akabonyeza. Mafaili yalijitokeza ukutani kwa kitambo kidogo, kisha ukuta ukawa mweusi. Mgeni mmoja alikohoa. Frank alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Nani kaharibu?"

"Mimi, mkuu."

Frank aliinama karibu na sikio lake. "Rudisha. Sasa hivi."

Mwahija alisimama. Goti lake liligonga nyaya chini ya meza, zile zile, zimefungwa vizuri.

"Mkuu, naomba ruhusa. Nakwenda Kivinje."

"Una wazimu? Maliza kwanza, halafu—"

"Nimemaliza."

Alichukua mkoba wake na kutoka. Barazani aliinama kuvaa viatu. Nyuma yake Frank alikuwa anamwita Bi Kibibi, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali.

Bi Kibibi alikuwa amekwisha kutoka. Alisimama mlangoni, anajifunga upya mtandio wake.

"Nisubiri," alisema.