Kibao cha Mkanda wa Tatu

Mimi sili biskuti. Nikikaribishwa chai kwa watu nakunywa kavu, na mwenyeji akisisitiza namwambia jino linaniuma. Uongo. Harufu ya vanila ikinipita puani naisogeza sahani mbali, kwa sababu nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha biskuti, ghorofani, nje ya mlango wa meneja, na miaka yote hiyo nilizila bure, sahani nzima kila kikao, nikijilamba vidole.

Nilikuwa katibu muhtasi wake. Juu kwetu tulikuwa watu kumi na wanne. Tulikuwa na viti vya kuzunguka, chai ya saa nne, keki kila mtu alipotimiza mwaka, na choo chenye kioo na sabuni ya kunukia. Meneja alituita wanangu. "Sisi hapa ni familia moja," alipenda kusema, huku mkono kakuwekea begani, na sisi tunachekelea. Nilimwamini. Mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu.

Chini kulikuwa na mikanda mitatu, na kwenye kila mkanda wanawake arobaini, wamesimama wakifungasha biskuti tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi. Mmoja wa wale wa mkanda wa tatu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye tuliishi naye nyumba moja. Kazi ile nilimtafutia mimi. Nilijisifia jambo hilo mpaka majirani wakachoka kunisikiliza.

Basi Jumapili mchana, vyombo vikishaondolewa, mimi na wifi tulikuwa tukibishana kama watu wa kampuni mbili zisizojuana.

"Yule meneja wenu," alianza wifi, "sisi huku chini tunamwita Baba wa Kambo."

"Hamna shukrani nyie. Si juzi tu kawapa fulana?"

"Katupa. Zimeandikwa 'Familia' mgongoni. Nyapara akikusukuma, anasoma kwanza."

Kaka yangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. "Kazi gani isiyo na adha, wifi?"

"Kitanda usichokilalia, wifi yangu, hujui kunguni wake."

Huyo kunguni nilikuwa namjua vizuri kuliko alivyodhani. Kilikuwa kipande cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimepakwa rangi nyekundu, kimetobolewa na kutiwa kamba ya kuvaa shingoni. Kila mkanda ulikuwa na kimoja, kimetundikwa kwenye msumari karibu na msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye filimbi ambaye wenzake walimwita Nyapara. Ukitaka kwenda chooni unavaa kibao. Kikiwa hakipo msumarini, unamsubiri aliyekwenda nacho. Ukienda bila kibao umetoroka kazi, na aliyetoroka kazi hakuwa akiliona jina lake tena kwenye orodha ya mikataba, ambayo ilikuwa ya miezi mitatu mitatu.

Kibao kimoja, wanawake arobaini. Kiliingia chooni na kutoka, shingo hadi shingo, mkono hadi mkono, na hakuna aliyewahi kukiosha kwa kuwa kukiosha hakukuwa kazi ya mtu. Rangi nyekundu ilishafunikwa na utando mweusi wa jasho na mafuta na mengine nisiyotaka kuyataja. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyorudi kwenye biskuti. Juu kwetu zikaja kwenye sahani nyeupe, zimepangwa kwa duara.

Kisha wifi akapata mimba, baada ya miaka minne ya ndoa. Kaka yangu alicheza na fagio sebuleni. Lakini mimba ikabidi ifichwe chini ya aproni, maana mjamzito naye alikuwa hapewi mkataba mpya. Hakuna karatasi iliyosema hivyo, ila kila mtu alijua. Mwezi wa nne homa ikampanda, nikampeleka zahanati.

"Una maambukizi kwenye njia ya mkojo," daktari akamwambia. "Tena si mara ya kwanza, naona hapa. Unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Kikombe asubuhi. Halafu nikirudi jioni."

"Katikati?"

"Katikati nikinywa nitataka kwenda."

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuwa mama mtu mzima, hana maneno mengi. "Unywe maji, na ukibanwa uende. Usiubane mkojo, mwanangu. Haya yamekurudia mara mbili. Ya tatu yanaweza kuondoka na mtoto."

Tulirudi kwa miguu. Wifi alidhani nimenyamaza kwa huruma, akanishika mkono, akaanza kunifariji mimi! Nilitamani ardhi inimeze. Kwa sababu kibao kilikuwa changu. Miaka miwili kabla, meneja alitangaza shindano la mawazo ya kuboresha kazi. Mimi kupitia dirisha la ghorofani nilikuwa nimeona wanawake wakienda chooni wawili wawili, wanakaa, wanapiga soga. Nikaandika nusu ukurasa, nikachora na kibao chenyewe pembeni, na kamba yake. Nilipewa cheti chenye mhuri wa dhahabu: Wazo Bora la Mwaka. Hakikusema wazo gani. Kaka alikitia fremu, akakitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila Jumamosi wifi alikipangusa vumbi.

Hakujua. Nami sikumwambia. Nilijiambia nitazungumza na meneja. Nikazungumza kweli, yeye akiwa anasaini barua.

"Si ni wazo lako mwenyewe, mwanangu?" akasema bila kuinua kichwa. "Tena lina matokeo mazuri. Tuyaache mpaka wageni wapite."

Wageni walikuwa watu wa tuzo. Kila mwaka kulikuwa na tuzo ya mahali bora pa kazi, na safari hiyo meneja aliitaka kama mgonjwa anavyotaka dawa. Nikapewa kazi ya kuandaa majibu. Niliyaandika kumi na mawili, nikatoa nakala, Nyapara akawakaririsha wanawake kila asubuhi kabla mkanda haujawashwa. Mgeni akiuliza unajisikiaje kufanya kazi hapa, jibu: hapa ni kama nyumbani. Jibu hilo nililipenda kuliko yote. Nilipolisoma kwa sauti meneja alinipigia makofi.

"Labda wakija watatuachia tukojoe," wifi alisema siku moja kabla, akifunga kamba za viatu vyake vya kazi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Asubuhi ya siku yenyewe meneja aliniita. "Vile vibao. Sitaki vionekane. Viondoe uvifiche mwenyewe." Nikashuka kabla ya zamu, nikavichomoa vitatu kwenye misumari kwa kutumia mfuko wa plastiki, kama mtu anayeokota mzoga wa panya, nikavitia kwenye mkoba wangu. Nikamwambia Nyapara choo kiwe wazi kwa wote. Mle chooni mlishawekwa maua, sabuni mpya na taulo. Taulo! Nilitoka pale nimefurahi, nasema leo walau wifi atapumua.

Nyapara alitangaza. Alitangaza akitabasamu, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona meno yake. "Leo mtu akitaka kwenda aende tu." Wanawake mia na ishirini wakatazamana. Wakaitazama misumari mitupu. Orodha ya mikataba ilikuwa inatoka Ijumaa, siku mbili tu mbele. Leo nenda tu, kesho jina lako liko ofisini. Hakuna aliyeondoka.

Saa tatu akaja mpiga picha tuliyemkodi. Alitaka picha ya wafanyakazi wakinywa maji, ionekane afya zao zinajaliwa. Chupa zikagawiwa, baridi, kila mtu yake. Wifi akanywa yote mpaka tone la mwisho. Baadaye aliniambia alikunywa kwa sababu aliyakumbuka maneno ya daktari.

Wageni walitakiwa kufika saa nne. Walifika saa saba.

Katikati hapo, saa tano, nilipita chini na trei za soda. Wifi aliniona. Akaonyesha msumari kwa kidevu, macho yanauliza. Nami nikamwonyesha mlango wa choo kwa macho: nenda. Akatikisa kichwa. Ningeweza kusimama. Ningeweza kumshika mkono nikampeleka mwenyewe, hatua kumi na mbili, nilishawahi kuzihesabu nilipokuwa naandika lile wazo langu. Lakini soda zilikuwa zinapata moto na meneja alikuwa ananiita, nikapita.

Saa saba na nusu msafara ukafika mkanda wa tatu. Mbele meneja, pembeni yake mama wa makamo mwenye daftari, mkuu wa wale watu wa tuzo, nyuma yao mimi na mkoba wangu. Nyapara akamchagua wifi kwa kuwa anajua kuongea.

"Habari za kazi, mwanangu," mama wa tuzo akasema. "Unajisikiaje kufanya kazi hapa?"

Wifi alikuwa amesimama magoti yamebanana. Uso umelowa jasho. Akanyoosha mgongo kama mtoto wa shule.

"Hapa ni kama..." akasema. "Hapa ni kama..."

Kisha sote tukasikia. Gwanda lake jeupe likabadilika rangi kuanzia kwenye mapaja kushuka, na kwenye vigae maji yakaanza kusambaa, ya moto, yenye harufu kali iliyoikata ile ya vanila. Mkanda ulikuwa bado unatembea. Biskuti zikampita mbele, zikafika mwisho, zikaanza kuanguka.

"Aa, chupa imemwagika!" meneja akasema, anacheka. "Leteni dekio hapa."

Na mimi, Mungu anisamehe, mimi niliyempeleka zahanati, nikasema, "Ni maji tu, mama. Sogea usije ukateleza."

Nilijisikia kinyaa. Si kwa kilichokuwa sakafuni. Sauti yangu ilikuwa tamu, ile ile ninayopokelea simu.

Mama wa tuzo hakusogea. Alimwangalia wifi usoni, akalifunga daftari. "Mwanangu," akamuuliza taratibu, "kwani choo kiko mbali?"

"Hapana, mama." Wifi akanyoosha kidole. "Kile pale."

"Kimefungwa?"

"Hakijafungwa."

"Sasa mbona hukwenda?"

Wifi alionekana kulishangaa swali. Akautazama msumari, kisha akamtazama mama wa tuzo kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Kibao hakipo," akasema.

"Kibao gani?"

Meneja alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza mkono wake haukuwa begani kwangu. Wifi naye akaanza kulia, bila sauti, mkono mmoja chini ya aproni ameshika tumbo. Lile tumbo ndilo lililonitoa pale niliposimama. Nikafungua mkoba, nikatoa mfuko wa plastiki, nikachomoa kibao cha mkanda wa tatu kwa vidole vyangu vitupu. Kilikuwa kinanata.

Mama wa tuzo alikiangalia, hakukigusa. "Hiki ndicho mnachoombea ruhusa?"

"Ndicho."

"Nani aliyebuni kitu kama hiki?"

"Hayo mambo, mama, ni ya wasimamizi wa chini," meneja akawahi. "Ofisi yangu haina habari..."

"Mimi," nikasema. "Nilipewa cheti."

Wifi akageuka. Nilimwona akilitafuta neno hilo kichwani mwake, cheti, na nikamwona alipolipata: mhuri wa dhahabu, fremu, kitambaa cha kila Jumamosi. Alinyoosha mkono, nikampa kibao, akakivaa shingoni. Akatembea zile hatua kumi na mbili, viatu vikitoa sauti ya maji kila hatua. Nyuma yake, bila filimbi wala amri, wanawake wa mkanda wa tatu wakaanza kupanga foleni, wakimsubiri arudi nacho.

Jioni hiyo hiyo niliandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Safari hii aliichapa mtu mwingine. Wifi jina lake halikuwamo kwenye orodha ya Ijumaa. Homa ilimrudia, akalazwa siku tisa, na kwa siku tisa kaka yangu alikuwa akinipita kwenye korido ya hospitali kama ananipita mtu asiyemjua. Mtoto alishikilia. Alizaliwa mwezi mmoja kabla ya wakati, msichana, mdogo kama paka. Tuzo kiwanda kilikosa mwaka ule na, nasikia, kilipata mwaka uliofuata, baada ya vibao kuondolewa na kuletwa kadi za kwendea chooni.

Mtoto alipofikisha siku arobaini nilipanda kwenye kiti pale sebuleni, nikakishika kile cheti kwa mikono miwili nikiteremshe. Wifi alikuwa amekaa ananyonyesha. Tangu siku ile tulikuwa tunasalimiana tu, habari ya asubuhi na ya jioni.

"Kiache hapo hapo, wifi," akasema.

"Nataka nikichome."

"Nimesema kiache." Alimhamishia mtoto titi la pili, akamfuta mdomo kwa kidole. "Ngoja kwanza ajue kusoma."

Kipo mpaka leo. Mtoto yuko darasa la kwanza, anasoma kila anachokiona, mabango, makopo ya sabuni, hata maandishi ya mgongoni mwa fulana ile ya mama yake, ambayo siku hizi ni dekio. Na kila Jumamosi wifi bado anachukua kitambaa, anapanda kwenye kiti, anakipangusa vumbi vizuri, pembe zote nne.